Nikaitika

Chumba cha kesi kiko ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro, mjini Hull.
Lifti mbovu. Nimepanda kwa miguu
na sare ya zamu ya usiku chini ya koti,
nikakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango,
kama mtu aliyejibanza kusubiri mvua ikatike.

Mezani, jalada. Kurasa elfu moja mia moja na arobaini na mbili,
zimetobolewa matundu, zimetiwa pingu za chuma.
"Tafadhali, ukurasa wa mia sita na kumi na nne,"
anasema wakili wa hospitali,
na karatasi zote zinageuka kwa pamoja
kama kuku waliotishwa.

Wa mia sita na kumi na nne unasema
Daktari Tonbra Oweibo ana sauti kali.
Wa mia sita na ishirini: hachangamani.
Wa mia sita thelathini na moja: wenzake huona uzito
kumwambia jambo.
Uzito! Yeye, daktari wa nusukaputi,
apimaye dawa kwa tone, kwa kilo ya mwili,
kwa umri wa moyo,
leo anahojiwa juu ya uzito usiopanda mzani wowote.

Aprili, bomba la hewa liliingia njia isiyo yake.
Mkono ulikuwa wa Daktari Hebblethwaite.
Akapewa mafunzo ya siku mbili, na chakula cha mchana.
Septemba, kosa lilelile, pacha wa lile la kwanza,
likashtukiwa mgonjwa hajabadilika hata rangi.
Mkono ulikuwa wa Oweibo.
Akapewa barua.
"Mazingira yalitofautiana," anasema shahidi.
"Yalitofautianaje?" anauliza jaji.
Shahidi anakunywa maji.

Nilikuwepo Aprili. Nilikuwepo Septemba.
Mabomba yote mawili yalipita mkononi mwangu.

O-we-i-bo. Silabi nne, kila moja mlango wazi,
mtoto wa chekechea angelitamka.
Liliwashinda. Wakamwita Dokta O,
kama sifuri.
Lakini Hebblethwaite, konsonanti zimebanana
hadi hakuna pa kupenyeza pumzi,
walilitaja hata wakiwa na mkate mdomoni.
Naye aliwasahihisha, kila asubuhi, bila kuchoka.
Labda hiyo ndiyo sauti kali.

Mimi, mama alivifunga visiwa fundo moja,
Luzon, Visayas, Mindanao, akaniita Luzviminda.
Siku ya kwanza wodini wakasema, Lucy ni rahisi.
Nikaitika.

Wakili wake alinipigia mara mbili. Nikasema nitafikiria.
Nikafikiria viza. Nikafikiria karo ya mdogo wangu, Iloilo.
Nikafikiria ratiba ya zamu, na nani huipanga.
Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Changu hakikuwa na mshindo. Kilikuwa na mshahara,
tarehe ishirini na nane, kila mwezi.

Sasa madai matano yamebaki matatu;
mawili yamepitwa na muda. Sheria hutoa miezi mitatu
kasoro siku moja,
na miezi hiyo yeye alikuwa bado anawaamini,
anapeleka malalamiko kwa ofisi ileile iliyomwandikia barua.
Hiyo siku wanayoikata, sijui huwa wanaiweka wapi.

Jaji anafunga jalada. Hukumu itakuja kwa posta,
wiki kumi, huenda kumi na mbili.
Natangulia ngazini. Viatu vya mpira havitoi sauti.

Chini, mbele ya magodoro ya nusu bei, ananifikia.
Hana hasira. Koti limempwaya mabegani.
Anataja jina langu, lote, kama alivyolitaja siku zote,
haruki kisiwa hata kimoja,
na mwishoni analiinua kidogo, liwe swali.

Nikafungua mdomo. Basi la saa kumi likapita.

"Luzviminda?" akasema tena.